Shajara ya sukari: siku 71 za kungoja jibu

Siku ya 1, Jumatatu

Nimefungua daftari jipya la kurasa 96, aina ile ile ninayoandikia vipimo vya wateja, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: SUKARI. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Majengo, Mombasa. Nashona kanzu na sare za shule, na kila ninachokijua kuhusu mwili wa mtu kimo daftarini: kifua, mabega, urefu wa mkono, mzunguko wa shingo. Sasa damu yangu nayo imepata kurasa zake.

Mambo yalianzia kwenye tundu la sindano. Kwa wiki tatu hivi uzi ulikuwa haupiti. Naulamba, naunyoosha, nauelekeza, unakwenda kando. Nikasema ni umri, miaka 46 si utoto. Mama watoto akanijibu, "Na kuamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, huo nao ni umri?" Nikamwambia ni joto, maji ninayokunywa mchana lazima yatoke. Hakunibishia. Ijumaa iliyofuata walikuja msikitini watu wa kupima afya bure baada ya swala. Wakanitoboa kidole, mashine ikatoa 10.4 (namba zangu za sukari ni za milimoli kwa lita), na nilikuwa nimekula masaa matatu nyuma. Kijana aliyenipima aliitazama namba, akanitazama mimi, akasema, "Ami, nenda maabara asubuhi kabla hujala kitu."

Nilikwenda Jumamosi. 7.2.

Daktari alinieleza taratibu. Mtu aliyelala bila kula, damu yake ikipimwa maabara ikatoa 7.0 au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari. Chini ya 6.1 hana neno. Hapo katikati ni njia panda, sukari imepanda ila haijafika. Lakini namba moja haitoshi, hasa inayosimama mlangoni kama hii yangu. Lazima ipatikane ya pili siku nyingine, au kipimo cha aina nyingine kiikubali. Ameniandikia nirudie, na nifanye pia HbA1c, kile ambacho wengi wetu tunakiita kipimo cha miezi mitatu.

Basi jibu sina. Nina sukari iliyo juu ambayo bado haina jina. Nimeamua muda huu wa kungoja niufanye kazi yenye mpango: nipime sawasawa, niandike kila kitu, nijue kinachonipandisha na kinachonishusha, na siku nikikaa tena mbele ya daktari nimpe karatasi anayoweza kuisoma kwa dakika mbili. Naiweka hapa kwa sababu najua wapo wenzangu waliokwama pale pale, walioambiwa "iko juu kidogo" wakarudishwa nyumbani na hofu mkononi.

Siku ya 3

Nimenunua mashine ya kupimia sukari. Inaenea kiganjani. Stripu 50, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zimekula faida ya kanzu mbili, kwa hiyo hakuna stripu ya kupotezwa.

Mwenye duka la dawa alinionyesha pa kutoboa: ubavuni mwa kidole, si kwenye tumbo lake. Ubavuni hapaumi sana, na tumbo la kidole ndilo la kufanyia kazi. Kwa fundi hilo si jambo dogo, maana melimeli nzuri huijua kwa ncha ya kidole kabla macho hayajaifikia.

Jambo la pili nimelijua kwa uchungu. Nimetoboa, nimepima, kisha nikashika kanzu nyeupe ya bwana harusi kabla damu haijaganda. Tone moja kwenye kola, dogo kama punje ya ufuta. Moyo ulinilipuka. Mafundi tuna dawa ya kurithishana: mate ya mwenye damu yenyewe, kwenye kifundo cha uzi wa pamba, unagonga polepole bila kusugua, halafu maji baridi, ya moto kamwe. Limetoka lote. Kuanzia leo natoboa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, nakibana na pamba, nahesabu mia moja ndipo niguse kitambaa.

Siku ya 6

Utaratibu wangu ni huu. Asubuhi napima kabla sijatia kitu kinywani. Kisha nachagua chakula kimoja tu cha siku hiyo, napima masaa mawili kamili tangu tonge la kwanza. Naandika nilichokula kwa hesabu, sio "wali kidogo" bali vijiko vingapi vya upawa.

Leo: mahamri mawili, mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari. Kabla, 7.4. Baada ya masaa mawili, 13.1.

Nimeikodolea macho ile 13.1 mpaka mashine ikajizima. Hiki ndicho chakula changu cha asubuhi tangu niote meno. Mtu asiye na kisukari, masaa mawili baada ya kula, kwa kawaida huwa ameshuka chini ya 7.8.

Siku ya 8

Hamri moja, bakuli zima la mbaazi, chai bila sukari. Kabla 7.3, baada 9.6. Mbaazi hazina kosa, naona ndizo zinazonibeba. Kosa ni unga mweupe na kile kikombe. Chai bila sukari mara ya kwanza ilinishinda. Nikaongeza iliki na tangawizi mbichi iliyotwangwa, ikanyweka.

Siku ya 9

Jioni nilikuwa namkatia mwanangu wa mwisho embe ngowe. Lilikuwa limeiva hasa, maji yakateremka mpaka viwikoni. Nikafuta mikono kwa tambara, nikapima. 17.9.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mama watoto akauliza kuna nini, nikamwonyesha. Yeye akaangalia mashine, akaangalia mikono yangu, akasema, "Kanawe." Nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri, nikatoboa kidole kingine: 8.8. Ile ilikuwa sukari ya embe. Tone la damu ni dogo mno kiasi kwamba utamu uliobaki kwenye ngozi unatosha kuharibu hesabu yote, na kupangusa kwa spiriti pekee hakuuondoi. Sabuni na maji. Nimeandika NAWA kwa wino mwekundu juu ya kila ukurasa.

Siku ya 12

Maabara mara ya pili: 6.7. Ile ya kwanza inasema ndiyo, hii inasema bado. HbA1c haikufanyika, dawa ya kupimia imekwisha, nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi nyumbani na ile karatasi, sijui nifurahi au nisifurahi.

Siku ya 15

Leo sikuandika chakula. Niliandika miguu.

Nyanya yangu alikuwa na sukari, na kwake ilianzia kidoleni. Alijikwaa kwenye ngazi ya nyumba ya zamani kule Kibokoni, hakusikia maumivu, akaendelea na shughuli zake kwa siku nyingi. Tulipokuja kugundua, kidole kilikuwa kimeshabadilika rangi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilikuwa ndiye ninayemshikia beseni. Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ile ya kuoshea vidonda narudi kwenye chumba kile.

Sasa fikiria dukani kwangu. Cherehani yangu ni ya miguu, na miaka yote nimekanyaga pedali peku kwa sababu mguu mtupu unahisi mwendo wa mashine. Sakafuni kuna pini, vipande vya sindano zilizovunjika, vifungo vya chuma. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mtu aweza kukanyaga pini asijue. Nimenunua sumaku kubwa ya spika kuukuu, nimeifunga kwenye fimbo, na kila jioni napitisha sakafuni kabla ya kufunga. Leo imetoka na pini 23. Nimenunua pia ndara zenye soli laini za kuvalia kazini. Usiku kabla ya kulala naweka kioo chini, naangalia nyayo zote mbili na kati ya vidole. Dakika mbili tu.

Siku ya 19

Bi mkubwa, mamangu, ameleta chupa ya asali. "Mwanangu, sukari ya dukani ndiyo mbaya. Asali ni dawa." Sikutaka kumvunja moyo, na nisingembishia kwa maneno. Nikatia vijiko viwili kwenye chai, bila kitafunio chochote, mbele yake. Kabla 7.1, baada ya saa moja 11.2. Nikamwonyesha. Alinyamaza kidogo, akasema basi asali ataiweka ya kikohozi. Madafu nayo nimepima, na juisi ya ukwaju ya pale njiani yenye sukari ya kutiwa. Dafu moja lilinipandisha kiasi, juisi ilinipandisha vibaya sana.

Siku ya 24

Hili naliandika lote, nisiache kitu.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye sukari miaka mingi, mtu mwema kwangu tangu utotoni, alisikia ninavyohangaika. Akanipa tembe moja. "Mimi nanywa kila siku, mwanangu, itakushusha." Nikaimeza saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na sare arobaini za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa, nikaapa nitakula nikimaliza.

Baada ya isha mshono ulianza kupinda. Nikaufumua, nikaurudia, ukapinda tena. Feni ilikuwa inapiga mgongoni lakini jasho lilikuwa linanitiririka, jasho la baridi. Mikono ikawa inatetemeka hata mkasi ukaniponyoka. Kijana ninayemfundisha kazi akasema, "Fundi, mbona umetota hivyo?" Nikamjibu maneno ambayo mwenyewe nayakumbuka nusu. Ni yeye aliyefungua mashine. 3.1.

Alikimbia kwa mama wa chai, akarudi na vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Nikanywa. Baada ya dakika kumi na tano, 4.4. Ndipo nikala mkate na mayai. Mama watoto alipopiga simu kwa yule mwenye duka la dawa, swali la kwanza aliloulizwa ni jina la dawa. Ilikuwa glibenklamidi. Akaeleza kwamba hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na kazi yake hukaa masaa mengi mwilini, kwa hiyo tusilale tukidhani yamekwisha, na tukiona inashuka tena tusisite kwenda hospitali. Saa sita za usiku nilikuwa 3.7, tukarudia sukari na chakula. Saa tisa, 5.2. Mama watoto hakufumba jicho.

Mzee wangu alitaka kunisaidia, na hilo silisahau. Ila dawa aliyoandikiwa yeye ilipimwa kwa mwili wake, kwa figo zake, kwa ratiba yake ya kula. Mimi hata ugonjwa sijaambiwa ninao. Ndugu msomaji, ukitoka na neno moja kwenye shajara hii, liwe hili la siku ya 24.

Siku ya 25 na 26

Nimelala. Asubuhi 6.9, asubuhi 7.3.

Siku ya 33

HbA1c imetoka: 6.1.

Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 ni njia panda. Kwa hiyo sasa nina vipimo vitatu vya maabara na kimoja tu ndicho kinachosema ndiyo. Daktari wa zamu, si yule wa kwanza, aliniambia nipunguze vitu vitamu nirudi baada ya miezi sita. Huenda kwa mtu mwingine hilo ni shauri zuri. Mimi nilikuwa na daftari lenye 13.1 mkononi, na asubuhi zangu nyingi ziko juu ya saba, na macho yangu bado hayaoni tundu la sindano. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta, nikahisi kama mteja aliyepimwa na mafundi watatu, kila mmoja na futi yake.

Siku ya 36

Narudi kwenye ninachokiweza.

Wiki hii ni ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimekula kwa namna tatu. Mara ya kwanza sahani ya desturi yetu, wali upawa nne: kutoka 7.0 hadi 12.7. Mara ya pili upawa mbili, mchicha mwingi na samaki yule yule, nikaanza na mchicha na samaki, wali nikaufanya wa mwisho: kutoka 7.2 hadi 9.9. Mara ya tatu vile vile kama ya pili, lakini nilipoinuka tu nikatembea kutoka dukani hadi Mwembe Tayari na kurudi: kutoka 7.1 hadi 8.3.

Nimerudia hiyo ya kutembea siku nne, na kila siku imenishusha. Misuli ya miguu ikifanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haina nguvu ya kutosha. Wateja wameshanizoea, wakikuta kiti kitupu baada ya adhuhuri wanajua fundi yuko njiani anatembea.

Siku ya 40

Leo ndipo fundo lilipoanza kulegea, na aliyelilegeza ni nesi.

Nilikwenda kufungwa kidonda cha mkasi, jambo dogo. Akaniuliza kama nina maradhi yoyote, nikamsimulia hadithi yangu yote, na 6.1 yangu. Akaweka bandeji chini. "Kwenu kuna mtu wa selimundu?"

Yupo. Mtoto wa dada yangu anao ugonjwa huo wa damu wa kurithi, ana miaka tisa, anaingia na kutoka hospitali tangu alipokuwa mchanga. Nesi akanieleza, na nikamwomba anieleze mara ya pili ndiyo nikaelewa. Kipimo cha miezi mitatu hakipimi sukari yenyewe. Kinapima kiasi cha sukari kilichoganda kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, namba hiyo husimulia habari za miezi miwili au mitatu iliyopita. Sasa kama hemoglobini yako ni ya namna nyingine, msimulizi mwenyewe ana walakini. Mwenye kubeba selimundu bila kuugua, mashine nyingine humsoma vibaya, na hata zile zisizokosea huelekea kumtolea namba iliyo chini kidogo ya hali yake. Upungufu wa damu nao huivuruga hesabu hiyo kwa njia zake. Na pwani yetu, watu wanaobeba selimundu bila habari ni wengi, kwa sababu mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria imeishi nasi karne nyingi.

Miaka 46 sijapata kuulizwa swali hilo.

Siku ya 44

Nimepimwa. AS, yaani jini moja ya kawaida na moja ya selimundu. Nabeba.

Mama watoto naye amepimwa siku hiyo hiyo, kwa ajili ya watoto. Yeye hana. Alhamdulillahi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Nimempigia dada yangu simu, tukaongea muda mrefu kuliko tulivyoongea mwaka huu wote.

Siku ya 47

Siku tatu mfululizo namba zimekuwa za ajabu, 5.1, halafu 10.2, halafu kosa. Sikubadilisha chakula. Mwenye duka la dawa aliangalia kichupa cha stripu, akauliza kinakaa wapi. Kinakaa dirishani, kando ya pasi, na kifuniko mara nyingi hakijafungwa barabara. Hewa ya Mombasa na mvuke wa pasi zimezila. Stripu hunywa unyevu kama chumvi. Amenipimia kwa yale maji ya majaribio ya mashine, mashine ni nzima. Stripu kumi na nane zimekwenda taka. Nimechora mstari juu ya namba za siku zile tatu. Kichupa kipya kinakaa kabatini, mbali na pasi, nafungua, natoa moja, nafunga kabla sijatoboa.

Amenikumbusha pia kwamba mashine hata ikiwa nzima huruhusiwa kupotoka asilimia 15 juu au chini. Ndiyo sababu namba za nyumbani hazitoi hukumu. Zinaonyesha njia tu, hukumu ni ya maabara.

Siku ya 58

Nimempata yule daktari wa kwanza. Nilimpa karatasi moja: upande mmoja namba za asubuhi kwa safu, upande wa pili vyakula kumi na namba zake za kabla na baada, na chini kabisa nimeandika "Nabeba selimundu, AS". Alianza kusoma kutoka chini.

Akasema 6.1 yangu tusiitegemee. Akauliza lini nilianza kupunguza wali na mahamri. Nikamwambia siku ya 8. Akahesabu kwa kidole: maabara ya pili, ile 6.7, ilikuwa siku ya 12. Huenda nilikuwa nimeshaanza kuificha kwa kujitunza, bila kujua.

Ameniandikia kipimo cha kunywa glukosi. Na sharti lake limenishangaza: siku tatu kabla yake nile kawaida, wanga wa kutosha, nisijinyime, maana mwili uliozoea kula wanga kidogo waweza kutoa jibu la uongo. Kuhusu macho, alinikataza kununua miwani mpya sasa. Sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani ya leo haitafaa sukari ikitulia.

Siku ya 61 hadi 63

Nimekula mahamri kwa amri ya daktari. Sikufurahia hata moja kama nilivyodhani nitafurahia. Asubuhi ya siku ya tatu kinywa kilikuwa kikavu.

Siku ya 64

Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi. Tangu saa tatu za usiku sijala, maji matupu tu. Wakachota damu ya kwanza. Kisha nikapewa glasi: gramu 75 za glukosi kwenye maji, niimalize kwa dakika tano. Ni utamu usio na ladha, unashika meno. Funda la mwisho nililimeza nikiwa nimefumba macho.

Halafu kukaa. Masaa mawili bila kutembea, bila kula, bila kuvuta sigara kwa wanaovuta. Kutokutembea ndiko kulikonichosha, miguu ilikuwa imeshazoea kuinuka. Kando yangu alikaa mama mjamzito kwa kipimo hicho hicho, akawa anaona kichefuchefu, nikampepea kwa ile bahasha yangu ya karatasi. Dakika ya arobaini kichwa kilikuwa kizito. Nikafungua daftari, nikachora mkato wa kanzu ya Kiomani ambayo mteja ameitaka, nikaanza na shingo na tarbushi yake, kile kishada kinachoning'inia shingoni. Saa tatu na dakika ishirini wakachota ya pili.

Siku ya 71

Kabla ya glukosi 7.1. Baada ya masaa mawili 12.3.

Kiwango ni 11.1. Namba mbili za siku moja zimekubaliana, na ile 7.2 ya mwanzo iko nyuma yao. Daktari aliligeuza lile jalada nilione mwenyewe, akasema, "Ni kisukari, fundi. Kwa umri wako na ukoo wako naona ni aina ya pili. Dawa zikikataa kukushusha, tutapima kama kinga ya mwili wako ndiyo inayoshambulia kongosho."

Nilidhani nitalia. Nilipumua tu, pumzi ndefu.

Nimeanza metformini ya miligramu 500, moja usiku pamoja na chakula. Ameniambia tumbo laweza kusumbua wiki za mwanzo, na ikiwa hivyo nisiache bila kumwambia. Mkojo umechukuliwa kuangalia figo. Wiki ijayo macho, wanatia matone wanaangalia nyuma ya jicho. Miguu ameipima kwa uzi mgumu wa plastiki, nikiwa nimefumba macho nimwambie anapogusa. Nilihisi kila mguso, kumi kwa kumi. Ramadhani nimemuuliza. Amesema nirudi wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, tukae tupange dawa na saa za kupima.

Nikamuuliza la mwisho: kama kipimo cha miezi mitatu hakiniambii ukweli wote, nitajuaje kama dawa inafanya kazi? Akasema kipo kipimo kingine, fruktosamini, kinachosoma sukari kwenye protini za damu kwa wiki mbili tatu zilizopita, na akipata pa kukifanyia tutakitumia. "Lakini zaidi," akasema, "nitasoma hili." Akanirudishia daftari.

Asubuhi 7.0. Usiku, mchicha, samaki, wali upawa mbili, tembe moja, kisha Mwembe Tayari na kurudi: 8.1. Stripu zimebaki kumi na moja. Kesho napita duka la dawa kabla sijafungua.